Majibu ya kipimo cha kinyama yanasema p16 chanya. Shingo ni lazima ipasuliwe?

MtuWaPugu: Wakuu, habari zenu. Bi mkubwa (61) ana kidonda ubavuni mwa ulimi, hakiponi. Kakatwa kinyama, majibu yametoka ni saratani, sentimita mbili, na chini kuna mstari umeandikwa "p16 chanya". Nimesoma mtandaoni p16 ni protini, na wenye p16 chanya wanapona vizuri kuliko wengine. Sasa daktari anataka kukata kipande cha ulimi na kupasua shingo atoe mitoki, zile tezi za shingoni. Kama hiyo protini ni nzuri, shingo ya nini?

Shangazi Mkali: Pole mwanangu. Anabana ugoro?

MtuWaPugu: Aliacha. Tusiende huko, shangazi.

Shangazi Mkali: Tutaenda tu. Mnawanunulia wenyewe, halafu mnashangaa.

Kiroboto: Mjomba wangu alipasuliwa shingo 2016. Mpaka leo mkono wa kulia haufiki kichwani, akitaka kuchana nywele anauinamia mkono. Ila yupo, na juzi kanikopa elfu ishirini.

MtuWaPugu: Ndicho ninachoogopa! Bi mkubwa anafua, anasuka ukili. Mkono ukifa?

Darubini Kuukuu: Miaka mingi nimekaa maabara, nikueleze. p16 ni protini ya mwili wenyewe. Ikijaa kwenye seli za saratani ya koo, ni alama kwamba kirusi cha HPV ndicho kilichoanzisha. Ile habari njema uliyosoma ni ya findo na shina la ulimi, kule nyuma. Ulimi huu tunaoutoa nje haumo. Na hata hiyo ya kooni huwahi sana kuingia mitokini. Wengi hupona kwa kuwa inasikia mionzi, si kwamba haisambai. Kwenye karatasi tafuta kina: kidonda kimezama milimita ngapi? Na shingoni kuna uvimbe?

MtuWaPugu: Milimita 7.

Darubini Kuukuu: La shingo hujajibu.

Shangazi Mkali: Hajajibu.

MtuWaPugu: Kuna kitu kama punje ya korosho chini ya taya, tangu Ramadhani. Siku hizi anajifunga mtandio hata jikoni, nilikiona akinawa uso. Lakini hakimuumi! Na daktari nimeshamwambia tuahirishe, kwanza tuone.

Darubini Kuukuu: Mtoki wa jino bovu ndio unaouma. Wa saratani mara nyingi ni mgumu, umetulia tu. Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walichapisha matokeo 2015: wagonjwa wa saratani ya mdomo ya mapema, shingo haina kitu. Waliotolewa mitoki siku ileile ya kidonda, baada ya miaka 3 asilimia 80 walikuwa hai. Waliosubiriwa mpaka uvimbe ujitokeze, 67.5. Wa bi mkubwa umeshajitokeza. Protini zinazochunguzwa ni nyingi, mfano E-kadherini, ile gundi inayozishika seli zisichoropoke, ila shingo yenye uvimbe haiachwi kwa sababu ya rangi ya protini. Mkono una mazoezi yake, waulizeni mapema.

Mpiga Ramli: Hii chai, tena ya tangawizi. Mwezi uliopita huyuhuyu alikuwa jukwaa la biashara anauza kiwanja Chanika, "nahama mkoa". Leo bi mkubwa anaumwa. Kesho namba ya michango.

Kiroboto: Duh. Mleta uzi, weka picha ya karatasi.

Mpiga Ramli: Haweki. Subirini.

MtuWaPugu: Nimeomba mia ya mtu hapa? Kiwanja nilikiuza kwa ajili ya matibabu. Ningeandika mama anaumwa wangenipa nusu bei. Karatasi siweki, ina jina lake. Tena mwenyewe hajui kama ni saratani. Nilimwambia ni kidonda cha jino, kitasafishwa. Ulimi ningesema jino lilichimba. Shingo nitasema nini?

Darubini Kuukuu: Kwa hiyo p16 ulikuwa unaitafutia kazi nyingine.

MtuWaPugu: Mkuu, ana presha.

Shangazi Mkali: Mtu anajifunga mtandio mbele ya jiko, jua la Dar hili, halafu wewe unasema hajui?

MtuWaPugu: ...

Mpiga Ramli: Mimi bado nasubiri picha.

Kiroboto: Mkuu, pole sana kwa mama. Hivi kile kiwanja kilitoka chote? Nicheki pembeni.