Mjadala: Asali kwanza au titi kwanza? Tuwafanyeje bibi wa Kerala, Dhaka na Karachi

Mleta uzi (Muscat)

Wakuu salaam. Leo naleta hoja inayonikaa rohoni, tujadiliane kwa heshima. Mimi ni mkunga, niko Muscat mwaka wa tisa sasa, na wodi yetu wazazi wengi ni Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Wafilipino, kila mmoja kaja na mila za kwao. Swali langu: hospitali ipige marufuku kabisa zile mila za kumlambisha mtoto vitu kabla ya titi na kumwaga maziwa ya kwanza, au tukae na hawa bibi tuongee?

Niwape picha. Juzi binti wa Kerala, kule India, kajifungua salama, uzazi wa kwanza, mama yake kapanda ndege kuja kumuuguza. Nimegeuka kujaza faili, narudi namkuta bibi kainama pembeni ya kitanda ana kijiwe kidogo, anasugua pete yake ya dhahabu kwenye matone ya asali pamoja na kipande cha mzizi wanaouita vayambu, taratibu kabisa kama mtu aliye kwenye sala, halafu akachovya ncha ya kidole ampelekee mjukuu mdomoni. Mtoto hana hata saa moja duniani. Na huku mama mtu dang'a, yale maziwa ya kwanza, inamchuruzika mpaka gauni la wodi limelowa, hakuna anayeijali. Mwenzangu akamfokea bibi mbele za watu. Bibi akalia, binti akajifunika shuka gubigubi na hakutaka kuweka mtoto kifuani mpaka jioni. Sasa hapo tulishinda nini?

Msimamo wangu: asali isimguse mtoto, hapo sirudi nyuma, maana asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, tumbo la mtu mzima linazimudu ila la mtoto wa chini ya mwaka haliwezi, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Na dang'a isimwagwe. Vijiji vingi vya India, Nepal na Bangladesh wanaiona ni uchafu uliolala kifuani miezi yote ya mimba, Indonesia wapo wanaoiita maziwa yaliyochina. Kumbe imejaa vitamini A na kinga za mama, na vijiko vichache vinatosha kwa sababu tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo mno. Lakini kumfokea bibi, hapana.

Mchangiaji (Dar)

Mkunga unabembeleza sana. Wodi ina wazazi thelathini na manesi watatu, nani ana muda wa kukaa na bibi mmoja mmoja? Weka tangazo ukutani, asali, samli, maji ya sukari marufuku, anayekaidi atoke nje. Mtoto akianza kulegea shingo huyo bibi ndiye atakayejibu? Na mazungumzo yenyewe tumeona yanapokwama. Karachi 2024 hospitali ya watoto ilianzisha benki ya maziwa ya mama kwa ajili ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, wakaomba fatwa ya masheikh kuhusu undugu wa kunyonya, wakapewa ikiwa na masharti, mwezi wa sita fatwa ikarekebishwa na kazi ikasimama. Njiti anasubiri wakubwa wamalize kikao!

Mchangiaji (Zanzibar)

Ndugu yangu wa Dar hapo umechanganya. Undugu wa kunyonya si ushirikina wala imani potofu, ni sheria ya ndoa. Mtoto akinyonya kwa mwanamke anakuwa mwanawe, na watoto wa yule mama hawawezi kumuoa wala kuolewa naye. Benki inayochanganya maziwa ya wanawake kumi kwenye chupa moja, huyu mtoto atajuaje ndugu zake ni nani? Ndiyo maana mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi, baraza la wanazuoni wa sheria za Kiislamu kule Jeddah, ilizikataa benki hizo. Masharti ya Karachi yalikuwa ya kuwatambua mama aliyetoa na mtoto aliyepewa, na hilo linawezekana kabisa wakitaka. Kwa hiyo kuongea na masheikh si kupoteza muda, ndiyo njia yenyewe.

Ila mkunga nikuulize na tahniki. Tende iliyotafunwa akapakwa mtoto kwenye kaakaa ni sunna, Mtume aliwafanyia watoto wa maswahaba. Utatupiga marufuku na sisi?

Mleta uzi (Muscat)

Siwezi kukupiga marufuku. Ninachowaambia wazazi hapa: titi kwanza, mtoto akishanyonya, baba anawe mikono kwa sabuni, apake chembe kidogo iliyolainika basi, siyo kijiko. Na anayetafuna asiwe na mafua wala kidonda mdomoni. Wengi wanaelewa na wanashukuru kwamba hukuwavunjia dini yao. Kinachonitisha ni ile chupa ya ghutti, dawa tamu ya mitishamba ya watoto inayouzwa dukani, ambayo wengine wanaendelea kumlambisha mtoto wiki nzima, tumbo linajaa, hamu ya titi inapungua, na titi lisiponyonywa maziwa hayaji. Halafu wanasema mama hana maziwa.

Mchangiaji (Tanga)

Mimi naomba tuache kusema "Waasia" kana kwamba wenzetu wana kichwa kingine. Soranus wa Efeso, tabibu wa zama za Warumi, aliandika mtoto apewe asali kwanza na maziwa ya mama yake yasubiri mpaka wiki tatu karibu. Ibn Sina naye alishauri siku za mwanzo anyonyeshwe na mwanamke mwingine. Huku kwetu kuna kubemenda, mtoto akidhoofu wazazi wanaonyoshewa kidole kwamba walilala pamoja wakati ananyonya, na mama anaachisha ghafla kwa aibu. Kila mahali ilikuwa hivyo.

Na si kila cha bibi ni kibaya jamani! Mchina anamkalisha mzazi mwezi mzima ndani, anampikia supu ya kwato za nguruwe na karanga. Mkorea supu ya mwani. Mfilipino supu ya kuku na majani ya mlonge. Mhindi na Mwomani uwatu, na uwatu huohuo mama yangu aliniwekea kwenye uji. Mimi nilipojifungua nilipewa uji wa pilipili manga siku arobaini, sikushika ndoo wala ufagio, na mtoto alikuwa titini muda wote. Kama uwatu wenyewe unaongeza maziwa au hauongezi sitobishana, ila kule kupumzishwa na kulishwa kunasaidia, nimekuona kwa mwili wangu.

Mchangiaji (Nairobi)

Mnamsema bibi mnamsahau mwenye kopo. Cicely Williams, daktari aliyeiandikia dunia kuhusu kwashiakoo, alisimama Singapore mwaka 1939 akasema kusukumia watoto maziwa matamu ya kopo ni mauaji. Wauzaji walikuwa wanatuma wanawake waliovaa kama manesi. Miaka karibu sabini baadaye, 2008, China watoto kama laki tatu wakaugua kwa unga wa maziwa uliotiwa kemikali ya melamini, sita wakafa. Imani kwamba "maziwa yangu hayatoshi, ya kopo ndiyo ya kisasa" hiyo si ya bibi, hiyo imelipiwa matangazo.

Mleta uzi (Muscat)

Nairobi hapo umenigusa, na niongeze kitu ambacho sisi wa hospitali hatupendi kukisikia. India ilipopima 2015 na 2016, kujifungulia hospitali ilikuwa kama asilimia 79. Ilipopima tena 2019 hadi 2021 imefika karibu 89. Je, watoto walionyonya ndani ya saa ya kwanza wameongezeka? Kutoka 41.6 hadi 41.8! Wamehama kwa bibi wakaja kwetu, na sisi tukawapeleka kwenye mizani, tukawafunga blanketi, mama kashonwa analala, saa imepita. Bango la Dar lingemzuia bibi, lakini nani anatuzuia sisi?

Halafu tazameni Sri Lanka hapo jirani. Wana ayuveda, ile tiba yao ya jadi, wana imani ya vyakula vya moto na vya baridi, bibi zao ni walewale, lakini wakunga wa serikali wanamfuata mzazi nyumbani toka ana mimba, wanakaa na familia nzima. Wanaonyonyesha maziwa ya mama pekee miezi sita wanazidi asilimia 80.

Mchangiaji (Dar)

Hizo namba za India zimenishtua, nakiri. Lakini mkunga wa kumfuata mtu nyumbani Muscat wala Dar sina. Nataka cha kufanya usiku wa leo nikiwa na manesi watatu.

Mleta uzi (Muscat)

Haki yako. Nikwambie nilichofanya kwa yule bibi. Jioni nilimfuata, nikamuomba radhi kwa niaba ya mwenzangu, nikampa kijiko kidogo safi nikamwambia mama nisaidie, mimi namkamua binti wewe kinga, hata tone lisianguke. Dakika kumi hazikufika. Aliposhika kile kijiko mkono ulikuwa unamtetemeka, yakaja matone ya njano mazito, akaniuliza kwa Kihindi chake cha kuungaunga kama hii ndiyo dawa. Nikamwambia ndiyo. Akamnywesha mjukuu mwenyewe, pole pole, kidogo kidogo, na asubuhi nilimsikia anamwelekeza mama wa kitanda cha pili.