Diwani "aongee" na mthamini ili nyumba yangu ishushwe thamani: hapa Texas inaruhusiwa?

Baba Nuru

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Niko mji mdogo pembeni ya Fort Worth. Nyumba tulinunua 2023, mimi na mke wangu, kwa jasho la zamu za usiku. Juzi natoka kazini nikakuta bahasha ya ofisi ya uthamini ya kaunti. Mwaka jana waliandika dola 262,000, mwaka huu 311,000. Hatujaongeza hata kibaraza. Niliisoma mara tatu nikiwa bado kwenye gari, maana kodi ya jengo hufuata thamani hiyo na benki huikusanya pamoja na mkopo wa nyumba; ilipopanda mara ya mwisho benki iliongeza dola 174 kwenye malipo ya mwezi, na miezi miwili mama yangu Tanga hakupata chochote kutoka kwangu.

Sasa Jumamosi kwenye harusi, ndugu mmoja akaniambia nisihangaike. Anamfahamu diwani wa mji wetu, alimsaidia kwenye kampeni. Nimpe picha ya barua na dola 200 "ya usumbufu", diwani atampigia mthamini simu, bei itashuka.

Nilikuwa mjumbe wa mtaa kule nyumbani. Maneno ya namna hii nimeyasikia, na nimeona watu waliotoa hela ya chai wakabaki bila hela na bila kiwanja. Lakini huku mimi mgeni, na kodi inanitisha. Je, diwani ana ruhusa hiyo? Na hakuna kikomo cha kupandisha?

Kasongo wa Dallas

Ndugu yangu, usitume hata senti. Wala hiyo picha.

Mama Rehema, Houston

Kaka Baba Nuru, pole. Nimepita hapo ulipo, nakujibu kwa kirefu.

Kwanza huyo diwani. Sheria ya kodi ya Texas, kifungu 6.155, inamkataza diwani, ofisa au mfanyakazi wa mji, kaunti au wilaya ya shule kuwasiliana na mthamini mkuu au watumishi wake kwa nia ya kubadilisha thamani ya nyumba, labda nyumba iwe yake au ameikodi. Hata akipitia kwa mtu mwingine ni kosa la jinai: jela hadi mwaka mmoja, faini hadi dola 4,000. Na pesa ikimfikia kiongozi ili akupendelee, hiyo ni rushwa, na aliyetoa anashtakiwa sawa na aliyepokea. Huyo ndugu anakuuzia kesi, kaka.

Sasa kikomo. Vipo viwili na watu huvichanganya. Kimoja ni cha halmashauri: tangu sheria ya 2019, mji mkubwa ukitaka mapato ya kodi ya kuendeshea shughuli zake, kutoka kwa majengo yaliyokuwepo, yapande zaidi ya asilimia 3.5, lazima wananchi wapige kura. Hicho hakiizuii bahasha yako. Kinachokuhusu ni homstedi, yaani msamaha wa nyumba unayoishi mwenyewe. Ukiwa nayo, thamani ya kutozwa kodi haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko liruke vipi. Kwako ingekuwa 288,200. Tena kwa kodi ya shule wanakutolea dola 140,000 kabla ya kupiga hesabu.

Shika hiyo barua uangalie vizuri. Kuna mstari wa bei ya soko na mstari wa thamani ya kutozwa kodi. Kama yote miwili inasema 311,000, nina hofu homstedi huna. Uliomba?

Baba Nuru

Dada, mikono inatetemeka. Yote miwili 311,000. Nilidhani benki ilituombea siku ya kusaini. Ilikuja barua nyingine ikitaka tulipie ili tuombewe, nikaitupa nikijua ni matapeli.

Mama Rehema, Houston

Ulifanya vizuri kuitupa, maana kuomba ni bure. Benki haikuombei, unaomba mwenyewe kwa ofisi ya uthamini. Mwisho ni tarehe 30 Aprili, lakini aliyechelewa anapokelewa hadi miaka miwili nyuma, kwa hiyo ombea na mwaka uliopita. Leseni yako ya udereva ina anwani gani? Lazima iwe ya nyumba hiyo. Wengi wetu tunakwama hapo.

Halafu weka na pingamizi la hiyo thamani kabla ya Mei 15, au siku 30 tangu barua itumwe kama barua ilichelewa. Nalo bure. Mimi nilipeleka picha za ufa ukutani, ule ufa wa udongo wetu unaovimba mvua ikinyesha, na bei za nyumba tatu za mtaani zilizouzwa karibu na Januari 1, maana thamani inapimwa kwa tarehe hiyo. Nikazungumza dakika kumi kwa Kiingereza changu hiki hiki. Walishusha dola 19,000.

Kasongo wa Dallas

Niongeze kuhusu madiwani, watu wasidhani wote ni wale wale. Hapa kwetu nilikwenda kikao cha bajeti. Ikaja hoja ya barabara inayopita kando ya kiwanja cha diwani mmoja. Alikuwa ameshaandika kiapo kwa karani, akasimama, akatoka. Nilimwona koridoni akiwa na chupa ya maji mpaka kura ikaisha. Sheria ndiyo inavyotaka: mwenye maslahi ya dola 2,500 au zaidi kwenye ardhi inayoguswa na uamuzi kuliko ya watu wengine, anatangaza na hapigi kura. Wa kwako akikubali kupiga hiyo simu, anajua anachofanya.

Baba Nuru

Nimeangalia leseni. Ina anwani ya apatimenti ya zamani, miaka yote hii. Ya mke wangu ndiyo ya nyumba hii, na jina lake limo kwenye hati. Usiku huu anajaza fomu ya homstedi kwa jina lake, mimi napiga picha za ufa wa gereji. Na nimempigia yule ndugu, nimemsomea kifungu. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kuomba homstedi.