Kuhesabu seli za saratani kwenye damu: tumlipie mama?

Binti wa Umoja
Habari zenu wapendwa. Mamangu ana saratani ya titi, na skani ya juzi imeonyesha imefika kwenye mifupa. Ameshapimwa damu kwa CA 15-3, kiashiria cha saratani ya titi. Sasa binamu yetu aliye Marekani anasisitiza tuchange, damu ipelekwe nje ihesabiwe seli za saratani, ati tutajua ugonjwa utaendaje. Mjomba yuko tayari kuuza ng'ombe. Je, kitabadilisha matibabu yake, au kitatupa nambari tu?

Pendo wa Maabara
Pole sana dada, na umfikishie mama pole zangu. Kipimo hicho ni cha kweli. Kinachojulikana zaidi, CellSearch, kiliidhinishwa Marekani 2004. Wanachukua mililita 7.5 za damu, vipande vidogo mno vya sumaku vyenye kingamwili vinanasa seli zilizobanduka kwenye uvimbe, kisha zinatiwa rangi na kuhesabiwa. Saratani ikiwa imeshaenea, mwenye seli 5 au zaidi kwa kawaida ugonjwa wake huenda kasi kuliko wa aliye chini ya 5. CA 15-3 ni protini, si seli, na hata ini likiwa na shida inaweza kupanda.

Lakini kubadilisha matibabu? Watafiti huko Marekani walijaribu. Wagonjwa ambao hesabu yao ilibaki juu baada ya duru ya kwanza ya kemo, baadhi walibadilishiwa dawa mapema. Majibu yalitoka 2014: hawakuishi zaidi ya walioendelea na dawa ileile. Ng'ombe wa mjomba wabaki. Muulizeni daktari kuhusu ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani) na HER2 (protini inayochochea seli hizo kukua), maana hizo ndizo zinazochagua dawa.

Mama Wawili
Kweli kabisa. Dadangu alitolewa kipande kipya cha uvimbe saratani ilipofika kwenye ini, na majibu hayakuwa yale ya titi. Dawa ikabadilishwa.

Binti wa Umoja
Asanteni sana. Karatasi ya biopsi (kipande cha uvimbe kilichopimwa) ya 2021 ninayo hapa. ER chanya, PR chanya, HER2 wameandika 2+. Baada ya hapo hakuna kingine.

Pendo wa Maabara
Dada, 2+ si ndiyo wala si hapana. Inatakiwa ifuatwe na kipimo cha FISH, kinachohesabu nakala za jeni ya HER2. Piga simu maabara iliyoandika hiyo karatasi, uulize kama bado wana kile kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta. Kikiwepo, kinapimwa bila mama kudungwa tena. Na mkiamua kutoa kipande cha mfupa, daktari aiambie maabara mapema kuwa mnataka HER2, kwa sababu asidi kali ya kulainisha mfupa huharibu majibu.