Mrejesho: zile kuni zilizokuwa zinatutoa machozi

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kwa nini jiko letu la kuni huku Mbagala linafuka moshi mpaka mama anapika kwa kufumba jicho moja, na masufuria yameota masizi kama lami. Wengi mlisema kuni ni mbichi. Nilibisha, maana muuzaji aliniapia ni kavu.

Nikafanya lile jaribio la kugonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia ko, mbichi hulia du. Vyangu vililia du, kama unapiga gunia. Kimoja nikakipasua: nje kikavu, ndani bado kina ubaridi wa maji. Aibu yangu.

Nimezipasua zote saizi ya kifundo cha mkono, nikazipanga juu ya matofali zisiguse ardhi, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Masika yalinichelewesha sana. Ila kuanzia Juni zikaanza kupasuka nyufa kwenye ncha, na sasa zinalia ko ko! Moto unashika haraka, moshi umepungua mno. Mama naye ameacha kushindilia kuni sita kwa mpigo. Tatu zinatosha, hewa ipite katikati.

Aliyenikataza mabaki ya mbao za fundi, asante. Nilikuwa nachoma zenye rangi na zile za dawa ya mchwa, eti bure. Moshi wake ni sumu.

Bado dirisha la kutolea moshi. Lililopo ni dogo, fundi ametaja bei ya kunitisha, kwa hiyo kwa sasa mlango unabaki wazi na kuku wanaingia watakavyo.