Mjadala: Filamu zilimwibia Whitney Houston muziki wake, au tunazisingizia bure?

Wadau naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likianzishwa linaishia kwenye ndoa yake na mambo ya madawa, leo hayo tuyaweke pembeni kwanza. Kuna hoja naisikia sana, tena kwa watu wanaoujua muziki vizuri, kwamba Whitney asingejiingiza kwenye kuigiza angetuachia albamu nyingi zaidi, ile miaka sauti yake iko moto ndo miaka aliyoimalizia mbele ya kamera. Na hesabu wanakupigia: I'm Your Baby Tonight imetoka 1990, My Love Is Your Love imetoka 1998, miaka minane mizima, na katikati hapo unakuta The Bodyguard ya 1992, Waiting to Exhale ya 1995, The Preacher's Wife ya 1996 na Cinderella ya televisheni ya 1997. Ukiipanga hivyo inaingia akilini kabisa. Ila mi nakataa.

Kwanza tuulizane, hiyo miaka minane alikuwa kimya? Albamu ya nyimbo za The Bodyguard ina nyimbo sita alizoimba yeye, imeuza zaidi ya nakala milioni 40 duniani na mwaka 1994 ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka. I Will Always Love You ulikaa namba moja Marekani wiki 14. Na huo wimbo wenyewe ni wa Dolly Parton wa 1974, ni kantri, hivi nani alikuwa anamtegemea Whitney wa 1992 akae studio aseme sasa naimba kantri ya miaka 18 iliyopita? Ni filamu ndo ilimpeleka huko, Kevin Costner aliyecheza naye ndo alileta wazo la huo wimbo na akakomaa kwamba uanze bila ala hata moja, sauti tupu. Ule mwanzo ambao mpaka leo kila mwenye sauti anaujaribu na kila mtu anajua ulivyo mgumu, usingekuwepo bila ile filamu.

Halafu The Preacher's Wife, pale alirekodi injili na kwaya kubwa ya Georgia Mass Choir, na huyu ni mtoto wa Cissy Houston, mwimbaji wa injili, kalelewa kwenye kwaya ya kanisa la New Hope Baptist kule Newark, lakini albamu zake zote za mwanzo zilikuwa pop ya kusafishwa sana. Huo muziki ndo ulikuwa wake tangu mtoto, na aliyempa nafasi ya kuurekodi kwa wingi hivyo ni filamu, sio albamu zake za kawaida. Mi nikisikiliza zile nyimbo nasikia mtu amerudi nyumbani. Sasa mtu anaponiambia filamu zilimwibia muziki huwa namuuliza, muziki upi?

Na kitu kingine watu wanakiruka kwenye hiyo hesabu yao, 1992 aliolewa, Machi 1993 akajifungua, kisha akaenda ziara ya dunia 1993 mpaka 1994 iliyofika hadi Afrika Kusini miezi michache tu baada ya Mandela kuwa rais. Mama wa mtoto mchanga anazunguka dunia anaimba zile nyimbo nzito, alafu tunamdai albamu. Twende mbele zaidi, baada ya 1997 filamu kubwa akaacha, si ndiyo? Basi albamu zingemiminika. Ikaja Just Whitney 2002, ya Krismasi 2003, I Look to You 2009. Miaka minne, mwaka mmoja, miaka sita. Kamera haikuwepo na pengo lilibaki palepale, kwahiyo sababu ya pengo ilikuwa sehemu nyingine.

Nakubali jambo moja, kuigiza kwenyewe hakukuwa kumekamilika mwanzoni. Watu wa Razzie, zile tuzo za kejeli za filamu mbovu, walimteua kwenye mwigizaji mbovu wa kike kwa The Bodyguard, na mi naona walimwonea ila sio kwa asilimia mia, kuna sehemu za maneno mengi anakuwa mkavu, unaona anasubiri zamu yake ya kuongea. Akinyamaza akaangalia tu, hapo unamwamini. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba walimpa acheze mwimbaji. Rachel Marron wa The Bodyguard ni staa wa muziki, Julia kwenye The Preacher's Wife anaimba kwaya, kwenye Cinderella ni mama wa miujiza anayeimba. Kila skripti inakuja na maikrofoni. Nafasi kubwa ambayo hakusimama kuimba ni Savannah wa Waiting to Exhale, mwanamke anafanya kazi ya televisheni, amenasa kwa mume wa mtu na mama yake mzazi anamsukuma asimwache, na mbele yake kuna Angela Bassett anayewaka moto, lakini Whitney hapotei. Rudieni kumwangalia anavyoongea na mama yake kwenye simu. Hakuna noti ya juu ya kumwokoa pale, ni uso na sauti ya kawaida tu, na kwangu hiyo ndo kazi yake bora kuliko hata The Bodyguard iliyoingiza zaidi ya dola milioni 400.

Kwahiyo mi naugeuza mjadala wenyewe. Watu wanalia na 1990 mpaka 1998, mi nalia na 1997 mpaka 2012, miaka kumi na tano bila nafasi kubwa hata moja kwenye filamu, mtu aliyekuwa ndo kwanza anaanza kuiva. Upande wa prodyuza alifanya, The Princess Diaries ya 2001 jina lake limo, ila mbele ya kamera hatukumpata. Akarudi na Sparkle, anacheza mama aliyewahi kujaribu muziki ukamuumiza, sasa anawazuia binti zake wasiingie huko. Alifariki tarehe 11 Februari 2012 na filamu ikatoka Agosti, kwahiyo wote tulimwangalia tukiwa tunajua. Kanisani pale anaimba His Eye Is on the Sparrow, sauti imechakaa, ya juu haipo tena, na anaitumia hivyohivyo kama mwigizaji, uchakavu wenyewe unakuwa ni wa yule mama.

Mnaosema filamu zilimharibia, naomba mniambie hiyo albamu mnayoidai ya 1993 au 1995 ingekuwa na nini ambacho hatukukipata. Na mnaokubaliana nami, ni nafasi gani isiyo na wimbo mngempa?