Naomba ushauri: kinga (baiskeli) yangu ya kwanza ya milima, nina miaka 41, niko Lubumbashi

MamaWaKatuba

Jambo yenu wote. Nataka kununua kinga ya kwanza maishani mwangu, ile ya milima, yenye matairi mapana ya vipele. Najua kwetu Lubumbashi hakuna milima, lakini njia zetu mnazijua: kiangazi vumbi jekundu mpaka kwenye meno, mvua zikianza mashimo yanajaa maji na hujui kina chake.

Baba alikwenda kazini Gécamines, kampuni ya madini, kwa kinga miaka yote ya utoto wangu. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, ndefu, na mimi nilikaa juu ya bomba la mbele, nimeshika usukani katikati ya mikono yake. Kaka zangu walifundishwa kuiendesha, sisi wasichana hapana. Nimejifunza mwaka jana tu, kwa kinga ya mtoto wa dada yangu, jioni kwenye uwanja wa shule. Sasa naweza kwenda, kugeuka na kusimama bila kuanguka. Daktari aliniambia nifanye mazoezi kwa sababu ya presha. Ninachotaka ni kutoka Jumamosi asubuhi mpaka Kafubu na kurudi, na siku moja nifike Kipushi, kilomita 30 hivi.

Urefu wangu ni mita 1.64, uzito kilo 84. Nina dola 300, nimezipata kwenye likelemba, mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu. Mjini nimeona moja mpya ya dola 230, nyekundu, ina springi mbele na nyingine nyuma chini ya kiti, breki za diski, vitesi (gia) 21. Muuzaji anasema ndiyo ya kisasa. Nilipoikalia ilizama, nikahisi kama niko ndani ya mtumbwi. Pia kuna za okazioni, yaani zilizotumika, kutoka Ulaya, dola 150 mpaka 250, rangi imechubuka lakini ukizinyanyua ni nyepesi zaidi. Naogopa kutupa pesa ya mwaka mzima. Nichague vipi?

Kijana_wa_Golf

Mama, usinunue kinga ya magurudumu ya inchi 26, ni ya zamani. Tafuta ya 29. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo pale ambapo dogo linatumbukia, na kwenye mchanga linatulia. Mimi nilihama kutoka 26 kwenda 29 na sitarudi.

FundiRuashi

Mama, aksanti kwa kutuambia urefu na uzito. Wengi wanaleta rangi tu.

Natengeneza kinga Ruashi mwaka wa 19 sasa, nyingi za wabeba makala (makaa). Ile nyekundu iache. Springi ya nyuma iliyotengenezwa vizuri ina mafuta ndani ya kuituliza, na hiyo peke yake inaweza kuzidi pesa yako yote. Kwa dola 230 unapewa springi tupu. Kila ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu zako inaishia kuibonyeza ile springi badala ya kusukuma gurudumu, nawe unapanda kinga ya kilo 17 au 18. Huo mtumbwi uliouhisi ni kweli, si woga wako.

Halafu kuna maungio. Mwezi uliopita nilifungua moja ya aina hiyo. Vile vipete vya plastiki vya kwenye maungio ya nyuma vilikuwa vimelika upande mmoja, na ndani kumejaa tope jekundu lililokauka kama tofali. Vipya havipatikani mjini. Nilimkatia vingine kutoka kwenye bomba la maji, vikashika wiki sita. Mwenye kinga ni mwalimu, aliinunua kwa akiba yake, na iliniuma kumrudishia nikijua atarudi tena. Mama, ukipita tena dukani isome ile karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kadre (fremu). Mara nyingi imeandikwa pale pale kwamba kinga hiyo si ya njia mbaya.

Waangalie wanaoleta makala alfajiri kwa njia ya Kasenga. Magunia matatu, manne, na springi hakuna hata moja. Wanategemea chuma imara, spoku nene, na vipuri vinavyopatikana kila soko.

Hizo vitesi 21 nazo ni visahani 3 mbele mara 7 nyuma. Kwenye kinga za bei hiyo, nyuma huwa ni friwili, visahani vyote pamoja vya kuzungushia kama skrubu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Beringi ya upande wa kulia inabaki ndani, mbali na mwisho wa ekseli, na kwa mtu wa kilo 84 kwenye mashimo ya Annexe ekseli inapinda, siku nyingine inakatika kabisa. Tafuta yenye visahani 8 au 9 nyuma. Hiyo mara nyingi ni kaseti, visahani vya kuchomeka kwenye habu, beringi iko karibu na mwisho wa ekseli, na ekseli inaishi.

Kwa hiyo nenda kwenye okazioni. Chukua yenye springi mbele tu, au hata isiyo na springi kabisa kama kadre ni nzuri. Beba rula ya shule. Hesabu pini za cheni: pini ya kwanza iweke kwenye sifuri, ya 25 inapaswa kuwa kwenye sentimita 30.5 hivi. Ikifika 30.64, cheni imechoka. Ikipita hapo sana, imeshakula na meno ya visahani, na utabadilisha vyote pamoja. Hapo unashusha bei au unaondoka.

Shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia kugonga chini ya mkono, beringi za shingo zimelegea. Kisha nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole. Ukikwama katikati kama kuna kibonde, beringi hizo zimekufa. Shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia, haupaswi kucheza. Mwisho pitisha kidole chini ya kadre pale mabomba yanapokutana na shingo, na pale chini kwenye pedali. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, au rangi imepasuka na kutu inatoka, usichukue hata kwa dola 20.

Kijana wa Golf, kuhusu 29 hujadanganya, linapita vizuri. Ila mama akipasukiwa tairi pana la 29, atalipata wapi Jumamosi? La 26 liko kila soko la mji huu. Na kwa mtu wa mita 1.64, la 26 au la 27.5 linamkaa vizuri.

Kijana_wa_Golf

Fundi, tairi naagiza mawili kwa mpigo nayaweka ndani. Bado nasema 29. Lakini kweli mimi nina mita 1.83.

LavaNaVumbi (Goma)

Dada, mimi niko Goma. Huku tunaendesha juu ya Nyiragongo yenyewe, volkano yetu. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, Mei 2021 ikashuka tena mpaka vitongoji vya kaskazini, na mawe yake ndiyo barabara zetu. Yana makali kama chupa iliyovunjika. Hata chukudu, chombo chetu cha mbao cha kusukumia mizigo, ambacho magurudumu yake ni ya mbao, huvishwa raba ya tairi la gari.

Kwa hiyo mimi naangalia matairi kwanza. Usiangalie vipele tu, bonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba. Ukiona nyuzi zimeanza kuchungulia, tairi hilo limeshakufa hata kama vipele bado virefu. Weka kando dola 30 au 40 za matairi na tyubu katika hesabu yako, usimalize 300 zote kwenye kinga.

Angalia pia vali. Kuna nyembamba yenye skrubu ndogo juu, na kuna nene kama ya gari. Chukua nene. Kwado (fundi wa matairi) yeyote wa kando ya njia atakujazia upepo kwa pampu yake. Ile nyembamba inataka kiunganishi, na siku utakapokisahau nyumbani utarudi kwa miguu.

Upepo: kwa kilo 84 na tairi la inchi 2.1, anza na bar 2.2 nyuma, mbele punguza kidogo. Ukiweka mdogo sana, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu, utakuta matobo mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiweka mwingi sana, kinga inarukaruka na mikono inakufa ganzi.

Mushi_wa_Kadutu (Bukavu)

Ningekuwa wewe ningeuliza breki, kwa sababu Bukavu ni mteremko juu ya mteremko. Kushuka kutoka Kadutu kuelekea ziwani baada ya mvua, breki za mpira zinazoshika rimu zinateleza kwenye tope, na tope hilo hilo linasaga rimu kama msasa. Huku mimi nachukua diski, tena ya waya. Ya mafuta inashika vizuri zaidi, sikatai, lakini mafuta yenyewe si ya aina moja. Za Shimano zinataka mafuta ya madini, nyingine zinataka DOT kama ya gari, na ukichanganya mipira ya ndani inaharibika. Waya ukikatika naubadilisha mwenyewe.

Kinga hizi za milima zilizaliwa kwenye shida hiyo hiyo. Miaka ya 1970 kule Marin, California, vijana walikuwa wakishusha mlima kinga nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Habu ya nyuma ilipata moto mpaka grisi ikaungua, wakifika chini wanafungua na kujaza grisi upya. Njia ile ikapata jina la kazi hiyo, Repack, yaani kujaza tena.

Lubumbashi ni tambarare, mama. Breki za rimu zilizofungwa vizuri zinakutosha. Usiongeze dola 60 kwa ajili ya neno diski. Diski ya bei ya chini kabisa inashika vibaya kuliko breki nzuri ya rimu.

Yaya_BelAir

Mama wangu, mimi nilianza na miaka 47, na nikuambie ambalo hawa hawalioni: ukubwa wa kadre. Kinga ya kwanza niliuziwa ya inchi 19 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mabega yaliniuma miezi minne, nikadhani ni uzee. Kumbe nilikuwa nimejinyoosha kama mtu anayefua nguo mtoni.

Kwa mita 1.64 tafuta inchi 15 au 16, au iliyoandikwa S. Simama katikati ya kinga miguu chini, kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole vinne. Kisha kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Siku za kwanza shusha kiti kidogo ili mguu ufike chini, utakipandisha moyo ukitulia.

Kofia ngumu usiiache nyuma ya hesabu. Na njia ya Kasumbalesa usiiguse, yale malori ya madini hayakuoni. Kuhusu macho ya watu, watakuangalia mama mtu mzima juu ya kinga wiki mbili, tatu. Kisha watoto wa mtaa watakuwa wanakufungulia geti.

MamaWaKatuba

Nimesoma yote mara mbili, na mume wangu nimemsomea. Aksanti sana. Jana nilirudi kwenye ile nyekundu, karatasi ipo kweli, nyuma ya bomba la kiti, maandishi madogo. Nimeiacha. Fundi, nina swali: nikipata nzuri, cheni niipake nini? Jirani anasema mafuta ya motere (injini) yaliyotumika.

FundiRuashi

Hapana, mama. Yale ni mazito na machafu, vumbi letu linaganda juu yake na kuwa kama msasa unaozunguka na cheni. Tumia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila pini, zungusha pedali, kisha futa na kitambaa kikavu mpaka uone kama umefuta yote. Kilichobaki ndani ndicho kinachofanya kazi. Kiangazi fanya hivyo kila baada ya safari mbili.

MamaWaKatuba

Narudi baada ya wiki tatu. Niliangalia saba. Ya kwanza ilikuwa na ule ufa kama unywele chini ya shingo, muuzaji akasema ni mkwaruzo. Nilipitisha ukucha, ukakwama. Niliondoka.

Ya saba ndiyo niliyochukua. Alumini, ya kijivu, inchi 16, magurudumu 26, springi mbele tu, visahani 8 nyuma, breki za rimu, vali nene. Cheni ilikuwa 30.7. Nilimwonyesha muuzaji rula, akanyamaza, kisha akashusha kutoka 210 mpaka 175. Cheni mpya, kaseti, matairi mawili na kazi ya fundi wa kwetu Katuba: dola 62. Kofia 25. Imebaki pesa ya tyubu na pampu ndogo.

Jumamosi nimekwenda Kafubu. Niliondoka saa kumi na mbili, jua halijawaka. Kwenye mchanga niliteremka nikasukuma mara mbili, na kabla ya kufika mwiba ukatoboa tairi la nyuma. Mbeba makala mmoja aliegemeza kinga yake kwenye kichuguu, magunia yote juu, akanishikia yangu huku nikibadilisha tyubu kwa mikono yangu. Hakukubali pesa. Aliuliza tu kinga hii nimeipata wapi, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba.

Yaya wa Bel-Air, nilishusha kiti ulivyosema, sasa magoti yananiuma kidogo mbele. Ni wakati wa kukipandisha?

Yaya_BelAir

Ndiyo, mama. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi ni kiti kiko chini. Pandisha sentimita moja, uende Jumamosi moja, usikie. Kisha nyingine.