Tupeane uzoefu: mzee ameanza kusahau, nyumbani mnampikia nini?

Nyar Nyalenda: Jameni, jana sokoni Kibuye mama mmoja amemkaripia mamake mbele ya watu kwa kuuliza bei ya osuga (mnavu) tena na tena. Nikamkumbuka dani, nyanya yangu. Mliolea mzee anayesahau, chakula kilibadilisha chochote?

Mwana wa Mumias: Umenigusa penyewe. Baba alikuwa karani wa miwa, hesabu zote kichwani. Alipostaafu akawa mtu wa chai ya sukari nyingi na mkate mweupe, asubuhi na jioni. Mboga alisema ni za ng'ombe. Sukari ikapanda, presha ikapanda, dawa akameza siku anayokumbuka. Jioni moja ya mvua akatoka, eti anaenda kazini kupima miwa. Kijiji kizima tulimtafuta usiku kucha kwa tochi, tukiita jina lake. Ukishaingia ndani ya miwa humwoni hata aliye mbele yako. Alfajiri mchunga ng'ombe akamkuta ameketi mtaroni, kiatu kimoja, matope hadi kiunoni. Mimi kifungua mimba wake nilipomshika mkono akaniuliza, "Wewe ndiwe dereva wa trekta?" Nililia mbele ya watu. Daktari alisema presha na sukari zimeharibu mishipa midogo ya ubongo.

Shosho Bondeni: Pole sana mwanangu. Yetu Nakuru ni hiyo hiyo, ila bila miwa.

Jakom Kondele: Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Mzee hatoki usiku hivi hivi. Kuna jambo la boma halikufanywa.

Nyar Nyalenda: Jakom, tafadhali. Dani aliitwa mchawi kwa kuongea peke yake, ndiyo maana alichelewa kupelekwa hospitali.

Jakom Kondele: Sijasema mchawi. Nimesema chira.

Nesi Kakamega: Mwana wa Mumias, je, baba anameza metformini, ile dawa ya sukari? Ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi ya miguu. Ukigunduliwa mapema unatibika. B12 iko kwenye omena, mayai, maziwa na nyama. Mboga peke yake haitoshi. Na mnaopika mrenda kwa magadi, punguzeni, inapandisha presha.

Mama Murere: Mrenda bila munyu? Heri nisahau jina langu! Halafu munyu wa majivu wa kukhu, nyanya yetu, si magadi ya dukani.

Nesi Kakamega: Kweli mama, majivu yana potasiamu zaidi. Lakini hayo pia hayamfai mwenye figo mbovu.

Mvuvi Dunga: Mnazunguka bure. Samaki. Mpe mzee ngege kila siku.

Shosho Bondeni: Na mgongo wazi wa Obunga, ile mifupa ya samaki ya kukaangwa?

Mvuvi Dunga: Huo uliozamishwa kwenye mafuta meusi? Hapana. Samaki mchemshe, weka nyanya.

Mwalimu Mstaafu: Chakula cha wazee wetu kilikuwa kinga. Utafiti uliochapishwa 2001 uliwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee Wamarekani weusi wa Indianapolis. Ibadan wapya waliopata dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau, kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35, Indianapolis 3.24. Rudini kwa wimbi, mtama, kunde na simsim.

Mwanafunzi Maseno: Mwalimu, kwa heshima, hao walitofautiana kwa mengi, si sahani tu. Mlo wa MIND, uliobuniwa kulinda ubongo, wenye mboga za majani, karanga, maharagwe na samaki ulijaribiwa Marekani kwa watu 604, miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2023: haukusaidia kumbukumbu kuliko kupunguza kula tu. Tusiwauzie watu ndoto.

Mwalimu Mstaafu: Miaka mitatu kwa ugonjwa unaojengeka miaka ishirini? Mimi wimbi siachi.

Nesi Kakamega: Wala usiache. Ila presha ipimwe, na masikio pia. Asiyesikia vizuri yuko hatarini zaidi.

Mwana wa Mumias: Nesi, metformini anameza tangu astaafu, na hakuna aliyewahi kututajia B12. Siku ya kliniki nitauliza. Na anayekataa kula je?

Nyar Nyalenda: Dani alikataa kijiko, lakini ukimwekea tonge la ugali na omena mkononi, alikula. Vipande vidogo, sahani ya rangi moja, redio izimwe.

Jakom Kondele: Mwana wa Mumias, usiku mnamfungia?

Mwana wa Mumias: Hatumfungii, moto ukitokea je? Tumefunga kengele ya ng'ombe mlangoni, na majirani wote wana namba yangu.

Jakom Kondele: Hiyo kengele nami naichukua. Mama yangu ameanza kuamka usiku.